Mama Yangu Hakuvaa Mistari

"Mama yangu hakuvaa mistari," Nelius alisema. "Na mimi simo."

Inspekta Kananu alivuta kiti akakaa. Magoti yalikuwa yanamuuma tangu asubuhi, na chai aliyoinywa Embu ilikuwa imemaliza kazi yake.

"Cucu, hayo ulishaniambia," alimwambia yule bibi mzee.

"Nimekuambia na hujasikia, mwari, binti yangu. Kwa hivyo nakuambia tena."

Walikuwa katika ofisi ya kiwanda cha kahawa pale Kanja. Nje wafanyakazi walikuwa wakiosha kahawa, na harufu ya maganda yaliyochacha iliingia kwa mlango. Mwanga nao uliingia kwa mlango tu. Ukuta wa pili ulikuwa na dirisha, lakini kabati kubwa la chuma lilisimama mbele yake, kwa hiyo taa iliwashwa hata mchana.

Chini ya taa hiyo ilining'inia picha iliyoleta shida yote. Mwanamke alikuwa akichuma kahawa, kikapu kiunoni, gauni la kijivu lenye mistari ya bluu. Nyuma yake mashamba yalipanda hadi kwenye mlima, na mlima ulikuwa mweupe kileleni. Picha ilipendeza. Ilikuwa bandia.

Hilo halikuwa na ubishi tena. Ile ya kweli ilichorwa na mwalimu mmoja wa Kanja aliyeitwa Ngari, miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwanamke aliyemchora alikuwa jirani yake, mama yake Nelius. Baadaye picha hiyo ilipelekwa ng'ambo, mchongaji akaichonga kwenye bamba la chuma, na ikatoka nyuma ya noti. Noti ile ilishaondolewa sokoni zamani. Picha ilirudi Kanja ikatundikwa kwenye banda la kupimia kahawa, juu ya jiko la chai, na moshi ukaila mpaka ikawa nyeusi kama tako la sufuria. Hakuna aliyejali. Kisha jumba moja la sanaa la Nairobi likatangaza kwamba linatafuta kununua picha za asili zilizochongwa kwenye noti, na ghafla kila mtu pale Kanja akakumbuka kwamba wana picha.

Meneja wa kiwanda, Mutembei, aliipeleka kwa Runji ili isafishwe. Runji alikuwa fundi wa fremu na mabango mjini Embu, na tena alikuwa mjukuu wa Nelius. Alikaa nayo wiki nzima, akairudisha imefungwa kwa gunia. Siku ya sherehe pazia lilivutwa, watu wakapiga makofi, mchungaji akaomba. Nelius akasimama mbele ya wote akasema hiyo si picha. Walimwambia akae. Lakini mtaalamu aliyetoka Nairobi alipitisha pamba kwenye kona, akanusa, akasema rangi ile haijamaliza hata mwaka.

Sasa Runji alikuwa katika seli ya polisi Embu, na asubuhi iliyofuata angepelekwa kortini.

"Mimi madam nimeshaandika statementi," Mutembei alisema. Alikuwa amesimama karibu na kabati, shati limepigwa pasi, simu mkononi. "Nilipokea kitu kimefungwa kwa gunia. Nikakifungia humu kabatini. Siku ya sherehe tukakitoa. Sasa nitajuaje alibadilisha?"

"Hukuifungua kuangalia kazi imefanywa vizuri?"

"Nilimwamini. Kijana wa hapa hapa, nyanya yake ni mwanachama."

"Nyanya yake ndiye aliyesema ni bandia," Kananu alisema. "Kama mjukuu angekuwa mwizi, si angenyamaza?"

"Macho yake yana mtoto wa jicho, madam. Aliona rangi mpya akashtuka, basi. Bahati mbaya ikawa ni kweli." Aligeuka kwa Nelius, akainamisha kichwa kwa heshima. "Si kwa ubaya, cucu."

"Macho yangu yana mtoto," Nelius alisema, "na picha haina."

Kananu hakuandika. Hadithi hiyo ilijulikana Kanja nzima. Nelius alisema kwamba siku Ngari alipomchora mama yake, yeye alikuwa mtoto mdogo, akaketi chini ya mti wa mbuni, akachorwa pia. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba yumo kwenye pesa. Watu walitoa noti wakatafuta. Mtoto hakuwepo. Watoto wa shule walimwita Cucu wa Noti.

Sajini Kaberia, aliyekuwa akisubiri mlangoni, alipiga miayo. Alibakiza miezi michache astaafu arudi kwao Timau, na kila safari ya Embu aliihesabu kama adhabu.

"Tukimaliza huku twende, madam," alisema. "Huku hata mlima umetupa mgongo."

"Mgongo?" Nelius aligeuka. "Uso uko huku. Ngai, Mungu mwenyewe, aliketi akitazama Embu."

"Cucu, aliketi akitazama ngano ya Timau. Nyinyi mnaona kisogo chake."

Mutembei alicheka, mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Mwambie, mutanoba, ndugu yangu. Sisi wa Kiirua tumekua tukiutazama usoni."

"Ninyi wa baridi," Nelius alisema, "mnatazama chochote bora kiwe karibu na moto."

Hata Kananu alitabasamu. Kisha akatoa simu, akapiga picha ile mara mbili, akasimama pole pole. Nelius alimshika mkono. Alitoa kwenye leso noti ya zamani ya rangi ya kahawia, laini kama kitambaa kwa kukunjwa.

"Nenda nayo. Utanirudishia."

"Cucu, nitakuwa naangalia nini?"

"Gauni," Nelius alisema.

*

Runji aliletwa bila mshipi wala kamba za viatu. Alikuwa mwembamba, na kucha zake zilikuwa bado na rangi. Kananu aliweka noti mezani na juu yake kioo cha kukuzia alichokiazima kwa wataalamu wa alama za vidole.

"Niambie unaona nini."

Runji hakuinama hata kuangalia. "Naona mistari."

"Gauni lina mistari?"

"Hapana. Noti ndiyo ina mistari. Madam, mchongaji hana rangi. Ana chuma na ncha kali. Akitaka kivuli, anakwaruza mistari karibu karibu. Akitaka mwanga, anaiachanisha. Uso ni mistari, mikono ni mistari, hata mawingu. Ukikuza noti bila kujua hilo, utasema huyu mama alivaa gauni la mistari."

Kananu aliinama kwenye kioo. Gauni lilijaa mistari myembamba, inayopinda kiunoni na kujaa zaidi kwenye mkunjo. Uso haukuwa uso. Ulikuwa nukta na mikwaruzo.

"Kwa hivyo aliyechora ile bandia alitoa kwenye noti."

"Ni lazima. Ile ya kweli ilikuwa nyeusi, hakuna kitu ungeona."

"Mpaka wewe ulipoisafisha."

"Mpaka mimi nilipoisafisha."

"Basi wewe uliiona. Na unajua mambo ya mistari. Labda ulitia mistari makusudi ili tuseme ni mtu asiyejua."

Runji alimtazama. Alikuwa amechoka kama Kananu mwenyewe. "Madam, ningekuwa mjanja hivyo, ningekuwa nimevua mshipi hapa?"

Nje ya chumba mtu aliita jina, mlango wa chuma ukagongwa. Kananu alingoja kelele iishe.

"Masizi yalipotoka, uliona nini?"

"Gauni la kijani, halina kitu. Mlima. Na mtoto."

"Mtoto umemtoa kwa nyanya yako. Umelelewa na hiyo hadithi."

"Kila mtu anasema hivyo. Hata mimi nilikuwa siamini, madam. Nilipomwona niliweka pamba chini nikatoka nje."

"Kwa nini hukumpigia simu?"

"Nilitaka ajionee siku ya sherehe." Alifuta uso kwa kiganja. "Niliwaza watu wakiwa wamejaa, wale wote waliomcheka. Ndiyo nikairudisha nikanyamaza. Hata fundi mwenzangu sikumwonyesha."

Kananu alimsukumia karatasi na penseli. "Nichoree. Pole pole, kama ulivyoiona."

Runji alichora bila kuinua mkono sana. Mwanamke. Mbuni. Chini ya mbuni, mtoto ameketi na mkebe mapajani. Nyuma kabisa, mlima: kilele kikubwa, na upande wake wa kulia kilele kidogo. Kananu aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Cucu anajua ni kesho?" Runji aliuliza.

"Anajua."

"Mwambie asije kortini. Akinikuta kwa pingu atasimama aongee, na hakimu hatamwambia akae kwa upole."

*

Kibanda cha chai kilikuwa nyuma ya stendi ya Embu. Kaberia aliagiza chai na mandazi, Kananu akaagiza chai tu. Alitandaza mchoro wa Runji mezani na kando yake akaweka simu yenye ile picha bandia. Alifanya hivyo kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Kaberia aliinama akitafuna. "Huu wa simu ni mzuri. Mlima umekaa sawa. Huyu kijana wako amegeuza."

"Amegeuza nini?"

"Mlima. Ameweka Lenana, hicho kilele kidogo, upande si wake."

Kananu alitazama mchoro, akatazama simu. Kwa Runji kilele kidogo kilikuwa kulia. Kwenye bandia kilikuwa kushoto. Alikuwa ameiangalia picha ile siku nyingi, na hilo hakuliona.

"Una hakika?"

"Madam, wewe kwenu Tigania mna vilima vya Nyambene tu, mlima hamuujui. Tazama." Kaberia alivuta chupa ya chai katikati ya meza, akaweka kikombe kushoto kwake. "Hiyo chupa ndiyo Batian. Hiki kikombe ni Lenana. Nimeamka nikiuona hivi tangu nizaliwe."

Mama muuza chai alikuwa anapita na sahani. Alisimama, akacheka.

"Mzee, hiyo chai nimekupa ilikuwa na nini?" Alichukua kikombe akakiweka kulia kwa chupa. "Lenana iko huku. Toka hapo nje alfajiri, kabla ya mawingu, utaiona."

"Mama, mimi ni wa Timau. Utanifundisha mlima?"

"Timau si ni huko nyuma? Ukizunguka nyuma ya nyumba, si kilichokuwa kulia utakiona kushoto?"

Alikwenda zake akicheka. Kaberia alibaki akikitazama kikombe. Kananu tayari alikuwa ametoa noti na kioo cha kukuzia. Mashamba yalipanda nyuma ya mwanamke kama kwenye picha, yakafika juu, na hapo ambapo mlima ungekuwa kulikuwa na maandishi; chini, kando ya mwanamke, kulikuwa na duara la nakshi lililobeba nambari. Maandishi yalikuwa yamechukua nafasi ya mlima. Mchongaji hakuuhitaji.

"Kwenye noti mlima haupo," alisema. "Aliyechora kutoka kwenye noti alifika hapa juu akakosa cha kunakili. Akatia mlima wa kichwani mwake."

"Labda aligeuza picha yote, kama kwenye kioo."

"Angegeuza yote, mwanamke naye angechuma kwa mkono wa kushoto. Anachuma kwa wa kulia, kwenye noti na kwenye bandia. Ni mlima tu." Aligonga simu kwa kidole. "Aliyechora hii hakuwahi kuona ile ya kweli ikiwa safi. Na haishi Embu. Runji aliiona, na amezaliwa Kanja. Hata ungemwamsha usiku ukamwambia chora mlima, angeweka kikombe kulia, kama huyu mama."

Kaberia aliacha andazi.

"Nani kwenye kesi hii ni wa upande wenu?" Kananu aliuliza.

"Mimi."

"Mwingine."

Sajini alifikiri kidogo tu. Kisha akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Lakini madam, Mutembei yule hawezi kuchora hata yai."

"Hakuhitaji kuchora. Alihitaji fundi wa nyumbani, mahali ambapo hakuna mtu wa Kanja atakayepita." Alisimama, akashika meza mpaka magoti yakakubali. "Leta gari. Twende tukautazame mlima wenu usoni."

*

Walipita Chuka, wakapita Meru mjini, wakapanda tena. Kananu alilala mpaka upepo wa Kiirua ulipomwamsha. Mashamba ya viazi yalikuwa yamefunikwa na ukungu, na mlima wenyewe ulikuwa umejificha. Lakini haukukosekana. Ulikuwa kwenye bango la bucha, kwenye ukuta wa hoteli, kwenye mlango wa duka la mbegu. Kila mahali ulikuwa na kivuli cha zambarau, na kilele kidogo kilikuwa kushoto.

"Mkono mmoja," Kananu alisema.

"Ni Mwongera," mwenye bucha aliwaambia. "Yuko pale nyuma ya posho mill, wanaposaga unga."

Mwongera alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akichora ng'ombe wa maziwa kwenye bati. Kaberia alimsalimu kwa Kimeru, wakaulizana ukoo, wakakuta shangazi mmoja wa mbali. Kananu aliwaacha wamalize, kisha akamwonyesha noti.

"Unaweza kunichorea hii, kubwa?"

"Hii?" Mwongera alifurahi. "Hii nimeshaichora, mama. Si muda. Ilinisumbua! Niliikodolea kwa kioo mpaka macho yakatoa machozi. Hilo gauni lina mistari kama ya godoro."

"Ulimchorea nani?"

"Mutembei, meneja wa kahawa huko Embu. Anajenga hoteli hapa, anataka kuipamba kwa vitu vya kazini kwake."

"Na mlima? Kwenye noti hauko."

"Ndiyo, wameuandikia juu. Mutembei akasema weka mlima, picha lazima iwe na mlima. Nikauliza uko namna gani? Akasema, mlima ni mlima, kwani wewe hujui mlima?" Alielekeza brashi nje ya mlango, kwenye ukungu. "Nikautoa pale. Ningeutoa wapi?"

"Alipouona alisema nini?"

"Alisema uko sawasawa."

Kananu alitoa kitambulisho cha kazi. Brashi ya Mwongera ilishuka taratibu.

"Mama, mimi nimeiba nini?"

"Bado hujaiba. Aliacha kitu kingine hapa?"

Mwongera alimtazama Kaberia, na Kaberia akamwitikia kwa kichwa. Fundi aliinua turubai kwenye kona. Chini yake kulikuwa na sanduku bapa la mbao nyeupe.

"Alinitengenezesha hili. Kupigilia alipigilia mwenyewe, akasema ni kioo cha hoteli, nisiweke kitu juu. Kuna gari la Nairobi linakuja kulichukua Jumamosi."

Kaberia aliazima nyundo. Ubao wa kwanza ulitoka ukilia. Ndani kulikuwa na gunia la kahawa, na gunia lilipofunuliwa kidogo kilionekana kitambaa kilichochorwa, kijani kibichi, kama jani lililooshwa na mvua. Hakikuwa na mstari hata mmoja.

"Inatosha," Kananu alisema.

"Hutaki kuona kama kuna mtoto?"

"Nataka ifunguliwe mbele ya mashahidi, wakili asije akasema tumeichezea. Rudisha ubao." Alikaa kwenye debe la rangi. "Na wewe Mwongera, osha mikono. Tutaandika maneno yako, kisha utavaa koti. Utalala Embu leo, kama shahidi."

"Embu kuna joto," Mwongera alisema kwa unyonge.

"Utaona mgongo wa mlima," Kaberia alisema. "Bure."

*

Asubuhi Kanja ilikuwa baridi na safi, na mawingu hayajapanda. Mutembei aliwakuta ofisini. Kaberia na wafanyakazi wawili walikuwa wameshika kabati la chuma.

"Madam, hilo lina vitu vya chama."

"Tunalisogeza tu. Kwa nini liliwekwa mbele ya dirisha?"

"Nililikuta hivyo. Na huko nje kuna vumbi la maganda."

"Umekaa ofisi hii miaka mingapi?"

"Minane."

"Hujawahi kufungua dirisha hili?"

"Nilifungue la nini?"

Kabati lilikwaruza sakafu. Kaberia alivuta komeo lenye kutu, akapiga kwa kiganja, dirisha likafunguka na mwanga ukaingia ofisini. Ng'ambo ya mibuni, juu ya msitu, mlima ulisimama wazi. Kilele kikubwa kilikuwa kushoto. Kidogo kilikuwa kulia.

Kananu aliitoa picha bandia kwenye msumari, akaiegemeza kwenye ukingo wa dirisha, mlima kando ya mlima.

"Mwalimu Ngari alichora akiwa Kanja," alisema. "Niambie huu aliuona kutoka wapi."

Mutembei alitazama picha. Akatazama nje. Akatazama picha tena, midomo ikisogea kidogo, kama mtu anayesoma maneno ya lugha asiyoijua.

"Msanii huchora anavyotaka," alisema mwishowe.

"Kweli. Na huyu msanii alitaka wa Kiirua. Yuko nje kwenye gari, amejifunga blanketi. Unataka kumwita umuulize?"

Mutembei hakumwita. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, akakuta mlango umejaa watu. Wafanyakazi waliokuwa wakiosha kahawa walikuwa wamekuja na miguu yenye maji, na katikati yao alisimama Nelius, amevaa kofia ya kanisani, tayari kwa safari ya kortini.

"Ilikaa kwenye moshi miaka yote," Mutembei alisema. Hakuwa akimwambia Kananu. "Juu ya jiko la chai! Mimi ndiye niliyesema isafishwe. Hakuna mtu hapa aliyekuwa anaitazama."

"Mimi nilikuwa naitazama," Nelius alisema.

Kaberia alimshika Mutembei kiwiko akamtoa nje, bila nguvu. Kananu alipiga simu Embu. Alizungumza kwa kifupi: gari la kortini lisiondoke, Runji asipandishwe, yeye Kananu atafika mwenyewe na karatasi. Kisha aliagiza sanduku liletwe ndani na akawataka watu wawili wa kamati wasimame karibu waone.

Ubao wa kwanza. Wa pili. Gunia likafunuliwa.

Gauni lilikuwa la kijani. Uso ulikuwa uso: mwanamke wa miaka thelathini hivi, amekunja midomo kidogo, kama aliyeambiwa asicheke na anataka kucheka. Nyuma yake mlima ulikuwa umekaa kama ulivyokaa dirishani. Na chini ya mbuni, pale ambapo kwenye noti palikuwa na duara la nambari, aliketi mtoto wa kike, miguu mitupu, na mkebe mapajani, akimtazama mchoraji moja kwa moja.

Mtu mlangoni alisema jambo kwa Kiembu.

Nelius alikaribia. Aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa picha, akaanza kwa mama, polepole, kuanzia leso ya kichwani. Alikaa sana hapo. Kisha akashuka.

Kananu alikuwa amekwisha kupata kiti. Alitoa noti mfukoni, akamnyooshea. "Ulisema nitakurudishia, cucu."

Nelius hakuipokea. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya mtoto, bila kumgusa.

"Mwari," alisema, "ni nani huyu?"

"Ni wewe, cucu."

"Sema kwa sauti," Nelius alisema. "Hao wa mlangoni hawajasikia."